Gazeti Lihukumiwe Mahakamani

Sheria ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, Namba 5 ya mwaka 1988, imekwishakuwa mtu mzima. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ilipopitishwa leo ni mzazi anayepeleka watoto wake skuli asubuhi na chuoni jioni. Mwaka 1997 ilirekebishwa kwa Sheria Namba 8, lakini roho yake haikuguswa. Na roho yake ni hii: Waziri mwenye dhamana ya habari, akiona kwa maoni yake kwamba maslahi ya umma, au amani na utulivu, vinahitaji hivyo, anaweza kuamuru gazeti lisimame. Hapana hakimu anayeketi kabla ya amri hiyo kutolewa. Hapana shahidi anayeapishwa. Maoni ya mtu mmoja, awe mwema kiasi gani, yanatosha.

Tuseme mapema tunachokitaka, ili asiwepo wa kutulisha maneno. Hatusemi kwamba mwandishi aachwe aandike apendavyo. Mwandishi aliyemsingizia mtu na ashitakiwe, na akipatikana na kosa alipe. Tunachosema ni kwamba wa kumhukumu ni hakimu, mbele ya watu, baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Asiwe Waziri, kwa barua, kutoka ofisini kwake. Katiba yetu ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 18, imempa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni yake, kuyatoa, na kutafuta na kupokea habari. Haki iliyotolewa na Katiba haifai kuning'inia juu ya maoni ya ofisa mmoja, hata kama ofisa huyo ni mwenzetu, tena hasa kama ni mwenzetu.

Sisi ni watu wa Chama na hatuoni haya kusema hivyo. Tunajua kwamba wapo wenzetu watakaotukunjia uso na kusema kwamba hoja hii ni ya wapinzani, na kwamba mwana wa Chama akiishika anampa adui silaha. Wenzetu hao hatuwalaumu sana, kwa sababu historia ya magazeti ya visiwa hivi haisomeshwi inavyostahiki. Lau ingelisomeshwa, wangelijua kwamba mzigo wa sheria za namna hii waliubeba kwanza wazee wetu wenyewe.

Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ililishitaki gazeti la Al-Falaq, lililokuwa la Jumuiya ya Waarabu, kwa kosa la uchochezi. Hakushitakiwa mhariri Ahmed Lemki peke yake. Walifikishwa mahakamani pamoja naye wajumbe wa kamati ya utendaji ya Jumuiya hiyo, kana kwamba gazeti zima na watu wake wote walikuwa mkosaji mmoja. Al-Falaq halikuwa gazeti letu wala la wazee wetu. Gazeti la wazee wetu lilikuwa Afrika Kwetu, la Mzee Mtoro Rehani, na mambo mengi yaliyokuwa yakiandikwa katika moja yalikuwa yakipingwa katika jingine. Lakini Mwingereza alipoinua rungu lake mwaka ule, aliwaonesha wenye magazeti wote, Mwarabu kwa Mwafrika, kwamba kosa la uchochezi halina mipaka isipokuwa ile anayoiweka mwenye nguvu.

Mwaka 1962 zamu ilimfikia Abdulrahman Babu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Hizbu. Alishitakiwa kwa uchochezi akafungwa, na hakutoka gerezani mpaka mwaka 1963. Alipotoka aliachana na Hizbu akaunda Chama cha Umma. Uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 ukaja, na Serikali iliyoupokea, badala ya kuyatupa baharini marungu ya Mwingereza, ikayaokota. Mwanzoni mwa Januari 1964, nchi ikiwa haijatimiza hata mwezi mmoja ya uhuru wake, Chama cha Umma kikapigwa marufuku. Kila mmoja anajua kilichofuata usiku wa kuamkia tarehe 12. Serikali ile iliyodhani kwamba kuziba midomo ni kutawala ilikimbia, na yule mfungwa wa uchochezi wa mwaka 1962 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Serikali ya Mapinduzi.

Tunamwomba msomaji alitafakari jambo hilo kwa utulivu. Mtu yule yule, kwa kalamu ile ile, mchochezi na Waziri, na baina ya hukumu ya kwanza na cheo cha pili haikupita hata miaka miwili. Je, alibadilika yeye? Walibadilika waliokuwa wakilitafsiri neno. Sheria inayotegemea neno la namna hiyo bila ya kulieleza kwa ukamilifu si ya kutegemewa na yeyote, hata aliyeitunga, kwani hajui kesho atakuwa upande gani wa meza.

Kwa nini basi sisi wenyewe tukaandika sheria ya mwaka 1988? Inafaa tuwe waadilifu kwa waliotutangulia. Mwaka ule nchi ilikuwa ya chama kimoja. Gazeti lilihesabiwa kuwa chombo cha Chama na Serikali kama vile redio, na haikuonekana ajabu kwamba mwenye chombo ana haki ya kukizima. Hali ya siasa visiwani nayo haikuwa shwari. Lakini mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Nyalali, na katika kazi yake iliorodhesha sheria 40 za nchi hii zilizobana haki za watu. Na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarejea. Tangu hapo ile hoja ya mwenye chombo ilikuwa imekwisha, kwa kuwa vyombo vilikuwa vinaruhusiwa kuwa na wenyewe wengine. Nguo iliyoshonwa kwa mwili wa chama kimoja tukaendelea kuivaa, tukiivuta huku na kule, na kila tukiivuta ikichanika mahali.

Mchaniko mkubwa ulikuwa mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2002 lilitoka gazeti la kila wiki lililoitwa Dira, likihaririwa na Ali Nabwa, mwandishi mkongwe. Hilo ndilo linalotajwa kuwa gazeti la kwanza la watu binafsi hapa Zanzibar baada ya Mapinduzi, yaani baada ya takriban miaka arobaini. Liligusa mambo ambayo yalikuwa yakisemwa kwa kunong'ona, yakiwemo ya watu waliopotea katika miaka ya mwanzo ya Mapinduzi na ya mali za watu wakubwa. Lilisomwa mno. Tarehe 24 Novemba 2003, kabla halijatimiza mwaka wake wa kwanza, Serikali ilillipiga marufuku, na halikupata tena kusimama. Ali Nabwa alifariki mwaka 2007.

Sisi wakati ule tulikuwa vijana wa Chama, na tukiri kwamba wengi wetu tulishangilia. Tulidhani kwamba limekwisha. Lililokwisha lilikuwa gazeti. Maneno yenyewe hayakwisha. Na hapa pana hasara ambayo wakati ule hatukuiona, na ambayo leo tunaiona kila tunapokaa na watu wa rika letu walio upande wa pili. Katika yale yaliyoandikwa na Dira bila ya shaka yalikuwemo ya kweli, na yamkini yalikuwemo ya kutiwa chumvi. Lau gazeti lingelipelekwa mbele ya hakimu kwa habari hii na hii, neno kwa neno, ushahidi ungelitolewa, na leo tungelijua lipi lilikuwa pumba na lipi lilikuwa mchele. Badala yake lilifungwa zima zima. Matokeo yake ni kwamba hadi leo wapo watu wazima wenye akili zao wanaoamini kila sentensi ya gazeti lile, kwa hoja moja tu: lingekuwa la uongo, lisingelifungwa. Amri ile iliyokusudiwa kuikanusha habari ndiyo iliyoipiga muhuri.

Na anayedhani kwamba gazeti likifungwa watu hunyamaza, huyo hajapata kukaa barazani. Mji Mkongwe umejengwa kwa baraza. Kila nyumba ina kibao chake cha saruji au cha mawe nje ya mlango, na juu yake kuna wazee, na mbele yao pana muuza kahawa na madele yake. Pale Jaws Corner, Soko Mohogo, habari ya jioni haingojei mchapishaji. Darajani inapita mikononi mwa wauza samaki, na kabla ya alasiri imeshafika Makunduchi, ikiwa imeongezwa mkia na pembe. Hiyo ndiyo redio mbao. Haina mhariri, haina leseni, na aliyesingiziwa hajui aende mlango gani kutaka arekebishiwe.

Mbali na redio mbao, upo ubao wenyewe. Sisi wa Chama tuna ubao wetu mashuhuri katika maskani ya Kisonge, pale Michenzani, na wenzetu wa upinzani wana zao. Katika miaka ya mivutano mikali mbao hizi, za kwetu na za kwao, ziliandikwa maneno ambayo hakuna mhariri hata mmoja, awe mlegevu kiasi gani, angeyapitisha. Ubao hausajiliwi. Hauwekewi dhamana. Sheria ya mwaka 1988 iliyokuwa kali kwa gazeti lenye anuani na jina la mhariri haikuwa na la kusema juu ya chaki. Na chaki iliendelea mpaka ikawa bango: tarehe 12 Januari 2016, katika sherehe za Mapinduzi uwanjani Amaan, vijana waliovaa nguo za Chama chetu walipita mbele ya viongozi na umma wakiwa na bango la kuwatukana Wazanzibari wenzao kwa asili zao za damu. Chama kiliomba radhi hadharani, na kuomba radhi kule kulikuwa jambo la uungwana. Lakini lazima tujiulize vijana wale walisomea wapi lugha ile. Hawakuisoma gazetini, kwa sababu magazeti ya kubishana nayo hatukuyaacha yakue. Waliisoma ubaoni, mahali pasipokuwa na mtu wa kuwajibu.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni siasa, na kwamba mwananchi wa kawaida, mkulima wa mwani wa Paje au mvuvi wa Mkokotoni, hayamhusu. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyoondoka bandari ya Malindi kwenda Pemba, ilizama katika bahari ya Nungwi. Ilikuwa meli ya kuchukua abiria mia sita na ushei. Siku za mwanzo zilitajwa maiti mia mbili na kitu. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake Januari 2012, ilidhihirika kwamba waliokufa na wasioonekana walipita 1,500. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Nani katika sisi tuliokuwa tukisafiri kwa meli katika miaka ile ambaye hakupata kukaa juu ya gunia la mtu kwa kukosa pa kukaa, akaona watu wanaendelea kupandishwa, akasoma dua na kunyamaza? Jambo lilikuwa likijulikana. Lilisemwa majumbani, lilisemwa barazani, lilisemwa juu ya meli yenyewe. Tuseme kwamba mhariri mmoja, mwezi wa Agosti 2011, angeliandika katika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba meli za Pemba zinajazwa kupita kiasi na kwamba waliowekwa kuzikagua hawazikagui. Chini ya sheria ile habari hiyo ingeliweza kuitwa ya kutia watu hofu, ya kuharibu biashara, ya kuvuruga utulivu. Kila moja katika hizo ingelitosha kuwa sababu, na mhariri yeyote mwenye watoto wa kulisha analijua hilo kabla hajashika kalamu. Sheria ya namna hii haihitaji kutumika kila siku. Inatosha kwamba ipo. Gazeti lililofungwa mwaka 2003 liliwafundisha wahariri wa mwaka 2011 namna ya kuandika habari za bandarini.

Hili la kuchunga ulimi si jambo tulilofundishwa na Mwingereza, wala kuupenda ukweli si jambo tulilofundishwa na wafadhili. Wengi wetu kabla ya kwenda skuli tulipita chuoni, na huko tulisomeshwa Suratul Hujurat. Aya yake ya sita inawaamrisha waumini wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu bila ya kujua. Mwandishi yeyote wa habari, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, akiishika aya hiyo peke yake amekwishashika nusu ya maadili ya kazi yake.

Lakini watu wengi huishia hapo, nasi tunaomba waendelee kidogo. Katika Suratun Nur imetajwa adhabu ya mwenye kumsingizia mwanamke mtwaharifu bila ya kuleta mashahidi wanne: ni bakora themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Ni adhabu nzito. Tazama hata hivyo inavyokwenda: lazima awepo aliyesema, lijulikane alilolisema, aulizwe ushahidi, na akiukosa aadhibiwe yeye. Hata katika kisa cha kusingiziwa Bi Aisha, ambapo mji wa Madina ulitikisika kwa takriban mwezi mzima na aliyeumizwa alikuwa Mtume mwenyewe ndani ya nyumba yake, watu wa Madina hawakukatazwa kusema. Palitafutwa ukweli, na waliosema uongo wakabeba dhambi yao wao. Sheria inayolifunga gazeti zima kwa habari moja, ikawaondoa kazini mpaka wapiga chapa na wauzaji wa mitaani ambao hawakuandika hata herufi, hatujui imetolewa katika kitabu gani.

Baada ya kusema hayo, haitokuwa insafu tukijifanya kwamba waandishi ni malaika. Sisi tumo katika kazi hii na tunazijua aibu zake. Zipo habari zinazoandikwa kwa sababu ya bahasha iliyotolewa mlangoni mwa semina, inayoitwa nauli, ingawa aliyepewa alikuja kwa miguu kutoka Vuga. Zipo habari za upande mmoja, ambapo aliyelalamikiwa hakupigiwa hata simu. Lakini linalotuuma zaidi ni namna zinavyoandikwa kesi za udhalilishaji wa watoto. Mwandishi anajiona mwadilifu kwa kuwa hakulitaja jina la mtoto. Kisha anataja shehia, anataja umri, anataja darasa, na anataja kwamba baba ni fundi seremala. Kisiwa hiki ni kidogo. Katika shehia hiyo fundi seremala ni mmoja. Ukishataja shehia na kazi ya baba umekwishataja jina, na mtoto yule atalibeba gazeti lako mgongoni mpaka siku ya harusi yake.

Makosa ya namna hiyo hayaponywi na amri ya Waziri. Tena ajabu yake ni kwamba sheria hii, pamoja na ukali wake wote, haimsaidii mtoto huyo hata chembe, kwa kuwa iliandikwa kumlinda mwenye nguvu. Kinachohitajika ni baraza la wanahabari wenyewe, lenye wajumbe wanaoheshimika kutoka nje ya kazi hii pia, ambalo mzazi wa mtoto anaweza kuliendea bila ya wakili na bila ya gharama, na ambalo likiamua, gazeti lichapishe uamuzi huo mahali pale pale ilipotoka habari ya kwanza. Baraza la Habari Tanzania lilianzishwa mwaka 1995 kwa msingi huo wa waandishi kujisimamia wenyewe, na limesuluhisha mashauri ambayo yangelimaliza miaka mahakamani. Njia ipo na imekwishapitwa na watu.

Wenzetu wa Bara nao walikuwa na ugonjwa kama wetu. Sheria yao ya Magazeti ya mwaka 1976 iliondolewa, ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo ilipokewa kwa matumaini na baada ya kusomwa matumaini yakapungua. Wadau waliipeleka mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ikaamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, vikiwemo vile vinavyompa Waziri uwezo wa kuzuia machapisho. Mwaka 2023 Bunge likairekebisha katika baadhi ya mambo. Mahakama hiyo hiyo ilikwishatoa hukumu ya namna hiyo dhidi ya sheria ya Burundi mwaka 2015. Habari si jambo la Muungano, na sheria ya mwaka 2016 haivuki bahari kuja kwetu. Lakini Mkataba wa Afrika Mashariki unavuka. Ofisa wa sheria anayedhani kwamba kifungu chetu cha mwaka 1988 kitasimama Arusha pale ambapo cha Bara kilianguka, atakuwa anaitakia Serikali fedheha ya bure.

Waandishi wa Zanzibar, kupitia jumuiya zao, TAMWA Zanzibar na ZAMECO zikiwemo, pamoja na Baraza la Habari Tanzania, wamekuwa wakidai sheria mpya kwa miaka mingi. Rasimu zimeandikwa. Mikutano imefanyika, chai imenyweka, ahadi zimetolewa na viongozi wa ngazi za juu. Mwaka 2024 walikuwa wangali wakiuliza swali lile lile walilokuwa wakiuliza miaka kumi nyuma. Tunawaheshimu wanasheria wetu na tunajua kwamba sheria nzuri haiandikwi kwa haraka. Lakini haraka na miaka hii yote ni vitu viwili mbalimbali.

Kwa maoni yetu Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hawahitaji kungojea mpaka kila mtu aridhike na kila kifungu. Kuna mambo machache ambayo yakiwemo, mengine yanaweza kujadiliwa baadaye. Uwezo wa kusimamisha gazeti utoke kwa Waziri uende kwa Jaji. Serikali ikiona hatari ya kweli ya damu kumwagika, iombe amri ya muda mahakamani siku hiyo hiyo, na itoe ushahidi wake. Neno uchochezi, kama ni lazima libaki, lielezwe kwa ukamilifu: awe amewaita watu kwenye kuvunja amani, isitoshe kwamba amemkera mkubwa. Usajili uwe wa kuandikisha jina na anuani, kama mtu anavyoandikisha duka, usiwe ruhusa ya kuombwa na kunyimwa. Aliyeandikwa vibaya apewe haki ya kujibu, kwa sheria, na majibu yake yasipelekwe kwenye kona ya ukurasa wa mwisho baina ya tangazo la saruji na matokeo ya mpira. Na haki ya kupata habari, ambayo Bara waliitungia sheria yake mwaka 2016, iandikwe na kwetu kwa namna ambayo ofisa atatakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini amekataa kujibu.

Hilo la mwisho tunalitilia mkazo, kwa sababu tunalijua kwa miguu yetu. Mwandishi anakwenda wizarani kuuliza jambo dogo, tuseme kwa nini dawa fulani haipo. Anaambiwa aliyepo si msemaji. Msemaji yupo safarini. Aandike barua. Barua inahitaji muhuri. Baada ya wiki mbili anaambiwa barua imekwenda kwa mkubwa, na mkubwa yumo mkutanoni. Katika wiki mbili hizo redio mbao imeshatangaza kwamba dawa zimeuzwa Mombasa, imetaja na mashua. Siku Serikali inapokanusha, inakanusha kwa hasira, na inalaumu upotoshaji. Nani amepotosha?

Hili halihitaji kusubiri mswada wala kura. Kila wizara na kila shirika la umma linaweza leo hii kumtaja kwa jina mtu wa kujibu, na wa pili wake anaposafiri, na kuitangaza nambari ya simu, na simu hiyo ikapokewa. Tungependa ianze bandarini. Mwandishi akipiga kuuliza ni abiria wangapi wamekwishapanda meli ya Pemba na ni wangapi inayoruhusiwa kuchukua, ajibiwe jioni hiyo hiyo, kabla kamba hazijafunguliwa.